Bodi ya Pac-Man, mita ya mzee, na sisi tunaopenda kukisia

Kimya cha wiki tatu hakikuletwa na kazi wala ugonjwa. Kimeletwa na bodi moja ya saketi niliyoikuta Huruma, hapa hapa Eldoret, kwa jamaa anayenunua vyuma chakavu. Alikuwa tayari ameiweka kwenye mizani pamoja na mota ya friji na nyaya za shaba. Nilipoona chipu yenye miguu 40 iliyoandikwa Z80, na pembeni yake chipu nne zenye vidirisha vya kioo mgongoni, nikamwambia ndugu yangu simama, hiyo usiivunje. Akaniuzia kwa bei ya soda mbili. Mpaka leo akiniona anacheka.

Ilikuwa bodi ya Pac-Man. Si ya Namco waliobuni mchezo huo Japani mwaka 1980, wala si ya Midway walioutengeneza na kuuuza Marekani. Hii ni ya kunakili, zile zilizofyatuliwa na watu wasio na ruhusa ya mtu na kusambaa dunia nzima. Haina jina la kampuni, na chipu kadhaa zimekwanguliwa namba ili asijue mtu kilichomo. Kwa wale wasiojua, enzi hizo mashine ya mchezo ilikuwa kabati zima la mbao lenye kioo, usukani na tundu la sarafu, na akili yake yote ilikuwa kwenye bodi moja kama hii.

Nikaiunganisha na televisheni ya zamani yenye chogo ambayo nyumbani imekuwa meza ya kuwekea maua tangu matangazo ya analogia yazimwe mwaka 2015. Kioo cha Pac-Man ni cha wima, nukta 224 kwa 288, kwa hiyo televisheni ikabidi ilale ubavu. Mama watoto akapita, akaangalia, akaendelea na safari yake. Nikawasha. Kioo kikajaa herufi na vipande vya picha visivyo na maana, vikatetemeka, vikabadilika, vikarudi. Basi. Hakuna mchezo.

Sasa ngoja niseme nilichofanya, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike leo. Nilikuwa na Z80 nyingine kwenye droo. Nikaing'oa ile ya bodi, nikaweka yangu. Takataka zile zile. Nikazibonyeza chipu zote kwa kidole gumba mmoja mmoja. Takataka. Nikaizima, nikaiwasha, kama mara kumi hivi. Halafu nikakaa nikaanza kutunga nadharia: labda ni hii, labda ni ile. Mimi ni mwandika programu wa miaka mingi. Nimelipwa pesa za watu kutafuta hitilafu. Na mbele ya bodi yenye umri wa zaidi ya miaka arubaini nilifanya kile ninachofanya kazini kila siku bila kukiona: nilikisia.

Msimamo wangu wa leo ni huu, na atakayekasirika akasirike. Sisi waandika programu wengi hatujui kusaka mdudu. Tunabadilisha mstari, tunaendesha, tunaona kama imepona. Isipopona tunabadilisha mwingine. Ikipona hatujui kwa nini, na hatuulizi. Fundi wa redio mwenye kibanda cha mabati anatupita, kwa sababu yeye chipu inayoungua ananunua kwa pesa yake.

Nikaipeleka bodi kwa mzee mmoja ambaye kibanda chake kiko upande wa West Market. Ametengeneza redio, televisheni, amplifaya za makanisa na betri za sola za nusu ya mji huu (samahani, jiji, tangu Agosti 15, 2024 tunaambiwa ni jiji, ingawa sisi bado tunaita Sisibo). Aliiweka mbele yake wala hakugusa chuma cha kuchomea risasi.

"Umepima stima?"

"Nimepima, mzee. Pawa saplai inatoa tano."

"Sijauliza pawa saplai. Nimeuliza bodi."

Akachukua mita, waya mweusi ardhini, mwekundu kwenye mguu wa chipu iliyo mbali kabisa na mahali umeme unapoingilia. Volti 4.52. Chipu za familia hii zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Karibu nusu volti ilikuwa inapotelea njiani, na mwizi alikuwa kwenye ukingo wa bodi, pale penye vile vidole vya shaba vinavyoingia kwenye kiunganishi. Vilikuwa vyeusi kama meno ya mvuta tumbaku. Mzee akanipa raba, raba ile ya kawaida ya mtoto wa shule ya kufutia penseli. Nikasugua pande zote mbili mpaka ziking'aa. Tukapima tena: 4.98.

Takataka zikabaki kwenye kioo. Lakini tazama tofauti. Kabla ya pale, chochote ambacho ningekipima kingeweza kunidanganya, maana chipu yenye njaa ya umeme hufanya vituko vyovyote. Baada ya pale, kila kipimo kilikuwa ushahidi. Mimi ningekuwa bado nabadilisha chipu hadi leo.

Nikamwomba mzee aniachie kalamu yake ya kupimia, ile yenye taa mbili, nyekundu kwa juu na kijani kwa chini, na sauti inayolia njia ikiwa na mapigo. Akanipa kwa sharti kwamba nisianze na ninachokishuku. Nianze na kile ambacho kikikosekana hakuna kingine kitakachofanya kazi. Umeme tumemaliza. Baada ya umeme ni saa: Z80 kwenye bodi hii inapigwa mapigo milioni 3.072 kwa sekunde kupitia mguu wa 6. Kalamu ikalia. Saa ipo. Baada ya saa ni mguu wa 26, ule wa kuanzishwa upya. Huo unatakiwa uwe chini kidogo ukiwasha, kisha upande juu utulie huko. Wangu ulikuwa unapanda na kushuka, karibu mara nne kwa sekunde, kwa mpangilio kama saa ya ukutani.

Hapo ndipo nilipoipenda hii bodi. Ile mara nne kwa sekunde si ugonjwa, ni mlinzi. Watengenezaji waliweka saketi ndogo inayohesabu picha: kila kioo kikimaliza kuchorwa, hesabu inaongezeka moja. Programu inapokwenda sawa, inaandika kila mara kwenye anwani 50C0, na hesabu inarudi sifuri. Programu ikipotea njia, haiandiki. Zikipita picha 16 bila kusikia neno, mlinzi anaamua kwamba mwenye nyumba amezirai, anamwamsha kwa kuanzisha kila kitu upya. Kioo kinachorwa kama mara 60 kwa sekunde, gawa kwa 16, unapata karibu nne. Kwa hiyo bodi ilikuwa inaniambia kwa lugha ya wazi kabisa: ninaamka, ninaanza kazi, ninapotea, naamshwa tena. Na mimi nilikuwa nimeiita "takataka".

Basi swali likawa moja. Inapotelea wapi? Na wa kwanza kushukiwa, msomaji, ni mawili: anayesoma maagizo, au maagizo yenyewe.

Anayesoma nilimtoa nje nikampima peke yake. Hili ni jaribio ninalopendekeza kwa kila kijana anayesomea kompyuta (au tarakilishi, walimu wangu wa Kiswahili wasije wakanifuata). Unaichomeka Z80 kwenye ubao wa majaribio, unaipa umeme na mapigo, halafu njia zote nane za data unazivuta chini kwa rezista. Kila inaposoma inakuta sifuri, na sifuri kwa Z80 ni agizo la kutofanya kitu. Haifanyi kitu, inasonga anwani inayofuata, haifanyi kitu, inasonga. Kila agizo la namna hiyo linakula mapigo manne, kwa hiyo anwani zote 65,536 zinapitiwa ndani ya chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Weka taa kwenye njia ya juu kabisa ya anwani utaiona inapepesa kama mara 12 kwa sekunde. Ya chini yake inapepesa mara mbili ya hapo, na kuendelea. Ukikuta njia moja imekufa, umemkamata. Yangu ilikuwa nzima. Zote mbili zilikuwa nzima, ile ya asili na ile niliyoibadilisha kwa kukisia. (Zitunze kama unazo. Zilog waliokuwa wakizitengeneza tangu 1976 walitangaza Aprili 2024 kwamba wanaacha, na oda za mwisho zilipokelewa Juni mwaka huo.)

Yakabaki maagizo. Programu nzima ya Pac-Man ni baiti 16,384 tu, ndogo kuliko picha moja ya WhatsApp, imegawanywa katika chipu nne za EPROM za baiti 4,096 kila moja. Nilizing'oa nikazisoma moja moja hadi kwenye mafaili. Lakini utajuaje kama kilichosomwa ni sahihi? Bodi haina jina, haina kitabu, aliyeinakili hakuacha anwani.

Hapa inabidi niwashukuru watu ambao wengine huwaita maharamia. Mwaka 1997 Mtaliano mmoja, Nicola Salmoria, alianzisha programu inayoitwa MAME, ambayo inaigiza bodi za michezo hii ndani ya kompyuta ya kawaida. Alianza na familia ya Pac-Man. Wengi wanaijua kama njia ya kucheza bure. Mimi naijua kama kitabu cha fundi. Ndani ya msimbo wake, ambao tangu 2016 uko chini ya leseni huria kabisa, utakuta kila bodi imeelezwa: anwani gani inakwenda wapi, mapigo ya saa ni mangapi, mlinzi anasubiri picha ngapi, na kwa kila chipu ya kumbukumbu kuna hesabu ya uhakiki, yaani namba fupi inayobadilika hata biti moja ikibadilika. Hata bodi za kunakili zimo, moja baada ya nyingine. Zile habari za 50C0 na picha 16 nilizosimulia juu kana kwamba nilizaliwa nazo, nilizitoa huko.

Chipu ya kwanza ikatoa c1e6ab10, sawasawa na toleo la Midway. Ya pili sawa. Ya nne sawa. Ya tatu, hapana.

Nikalinganisha faili la tatu na lile linalotakiwa kuwa, baiti kwa baiti. Zilikuwa tofauti zaidi ya mia, na zote zilikuwa za aina moja: mahali panapotakiwa sifuri palikuwa na moja. Hakuna hata sehemu moja ambapo moja imekuwa sifuri. Hiyo ni saini ya mwanga. EPROM hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kile kidirisha, na kufutwa maana yake ni biti zote kurudi kuwa moja. Ndiyo maana hubandikwa karatasi juu ya kioo. Nikaigeuza. Tatu zina karatasi. Ya tatu imebaki na gundi tu. Vitabu vya watengenezaji vinasema jua la moja kwa moja linaweza kuifuta kwa takriban wiki moja. Hii imekaa nje kwenye lundo la chuma chakavu, hapa karibu na ikweta, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambapo jua la saa saba halina mchezo. Ilikuwa nusu njiani kusahau kila kitu.

Na angalia inavyolingana na yule mlinzi. Maagizo ya kwanza kabisa ya Pac-Man, akiamka tu, yanamtuma aruke hadi anwani 230B. Chipu ya tatu inaanzia 2000. Yaani hatua ya kwanza tu nje ya mlango, anatumbukia shimoni.

Kuandika chipu mpya kulinichosha kuliko kuitambua ya zamani. Kifaa changu cha kisasa cha USB hakifiki volti 21 ambazo 2732A inadai wakati wa kuandikwa. Mzee akafungua kabati akatoa Pentium iliyofunikwa kitambaa, na kifaa cha kuandikia kinachochomekwa kwenye tundu la printa. Kumbe anaitunza kwa ajili hiyo tu. Sikuuliza zaidi.

Nikawasha. Kioo kikatulia. Bodi ikaanza kujikagua kabla ya mchezo, maana ndivyo ilivyofundishwa: inapitia RAM zake na kujumlisha ROM zake. Ikasimama kwenye RAM ya rangi ikaniandikia kwamba ni mbovu, kwa herufi zenye rangi za ajabu. Sikukasirika. Je, ni lini programu yako ya mwisho ilikuambia kwa jina kiungo chake kinachouma?

RAM ya rangi ni chipu mbili za 2114, kila moja inabeba nusu ya baiti. Nilitumia ujanja wa kubebesha mgongoni: unachukua chipu nzima ya aina ile ile, unaiweka juu ya inayoshukiwa mguu kwa mguu, unawasha. Kama ya chini imekufa kimya, ya juu inafanya kazi kwa niaba yake. (Kama ya chini imekufa kwa kung'ang'ania njia, haitasaidia, kwa hiyo usitangaze chipu kuwa nzima eti kwa sababu mbeleko haikufanya kitu.) Kwenye ya pili rangi zikarudi. Nikakata miguu yake, nikang'oa mmoja mmoja ili nisichubue njia za shaba, nikaweka soketi, nikaweka chipu. Pac-Man akala vidonge vyake. Watoto wakaja. Jirani mmoja akachungulia akaniuliza kwa sauti ya chini kama sasa nimeingia kwenye kamari. Simlaumu, tangu zile operesheni za mwaka 2018 ambapo mashine za kamari zilikusanywa vijijini na kuteketezwa, kitu chochote kilicholiwa sarafu kinamtia mtu wasiwasi. Nikamwambia hii haili hata shilingi, nimeunganisha kitufe cha kengele ya mlango badala ya tundu la sarafu. Sidhani kama aliniamini.

Asubuhi ilifanya kazi. Kufikia alasiri ikafa. Asubuhi iliyofuata, ambayo ilikuwa moja ya zile za Julai hapa kwetu unapoona pumzi yako ndani ya nyumba, ikafanya kazi tena. Alasiri, kimya.

Nikaanza kuishuku chipu niliyonunua Nairobi, Luthuli Avenue. Nikaanza kumshuku muuzaji. Nikaanza kuandika ujumbe wa hasira. Kisha nikamkumbuka mzee, nikaazima mashine ya kukaushia nywele ya dada yangu, nikapuliza eneo moja kwa wakati. Upande wa ROM, hakuna kitu. Upande wa Z80, hakuna kitu. Kwenye soketi yangu mpya, sekunde kumi, ikafa. Nikachukua kioo cha kukuzia. Mguu mmoja kati ya 18 risasi ilikuwa imeuzunguka bila kuushika, ina duara la ufa kama sufuria isiyokaa kwenye jiko. Kazi ya mikono yangu. Muuzaji hakuwa na kosa, na ule ujumbe niliufuta.

Dalili iko mbali na chanzo, na mara nyingi ni kubwa kuliko chanzo. Wakenya tunalijua hili kuliko watu wengine: Juni 7, 2016 nchi nzima iliingia gizani, na chanzo kilikuwa tumbili mmoja aliyeanguka juu ya transfoma kule kituo cha umeme cha Gitaru. (Tumbili alipona.) Ungekuwa Eldoret siku ile unakisia, ungebadilisha fyuzi ya nyumba. Na wakati mwingine hakuna hata chuma kibovu. Ukifika ngazi ya 256 ya Pac-Man, nusu ya kulia ya kioo inajaa takataka zinazofanana kabisa na RAM mbovu, lakini bodi ni nzima. Namba ya ngazi imewekwa kwenye baiti moja, baiti inaishia 255, ikizidi inarudi sifuri, na sehemu inayochora matunda chini ya kioo inachora bila breki. Fundi anayekisia angebadilisha chipu zote na asiponye kitu.

Kuna rafiki yangu, naye anaandika programu, aliniuliza kwa nini nisinunue zile bodi za Kichina zenye michezo 60 ndani ya chipu moja. Ana haki. Kama shida yako ni kucheza, nunua hiyo, au weka kwenye simu, usipoteze wiki tatu. Ukihesabu saa zangu kwa bei ninayowatoza wateja, hii ni Pac-Man ghali kuliko zote Afrika Mashariki. Lakini ile bodi ya michezo 60 ikifa, inakufa yote, na fundi atakachoweza kukufanyia ni kukuuzia nyingine. Ndivyo zilivyo televisheni za siku hizi pia. Mzee analalamika kwamba vijana wanaokuja kujifunza kwake wanajua kubadilisha bodi nzima, hawajui kusoma mguu wa chipu, wala hawana pa kuusoma maana mchoro haupo. Bodi ya 1980 inatengenezeka kwa sababu aliyeibuni alitarajia itaharibika. Akaipa mlinzi, akaipa kujikagua, akaweka soketi. Na baadaye watu wasiolipwa wakaandika inavyofanya kazi.

Sasa nilete aibu yangu mezani. Miaka kadhaa iliyopita niliuandikia ushirika mmoja wa maziwa, si mbali na hapa, programu ya kurekodi kilo za kila mkulima. Jina la ushirika nitaliacha, walishanivumilia vya kutosha. Januari moja ikaanza kuruka rekodi. Haikuanguka, hiyo ingekuwa nafuu. Ilipokea kilo, ikaonyesha "imehifadhiwa", na haikuhifadhi. Karani aliponipigia nikamwambia zima uwashe. Kisha nikabadilisha waya wa mizani. Kisha kifaa cha mtandao. Kisha nikaisimika programu upya. Wiki mbili. Wakulima walikuwa wanasubiri malipo hayo kwa karo, na shule zilikuwa zimefunguliwa. Mama mmoja alikuja ofisini na kitabu chake cha daftari, kilo za kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, na kitabu chake kilikuwa sahihi kuliko programu yangu.

Diski ilikuwa imejaa. Basi. Mfumo wa kompyuta ulikuwa unasema hivyo kila mara, na mimi kwenye msimbo nilikuwa nimeandika `catch` tupu, yaani ukisikia kilio, nyamaza. Sikuwa nimeweka mlinzi wala kujikagua, wala ukurasa mmoja unaoeleza programu inaandika wapi na inahitaji nini. Kama ningegongwa na matatu barabara ya Uganda, ushirika ule ungebaki na kitu kama bodi isiyo na jina, tena bila MAME ya kuieleza.

Kwa hiyo wiki hii nimerudi kule, bila kulipwa na bila kuitwa. Programu bado inatumika. Sasa ikiwashwa inakagua nafasi ya diski, inaandika rekodi ya majaribio na kuisoma tena, inauliza mizani kama ipo, halafu ndiyo inamfungulia karani. Kikikosekana kitu inasimama na kusema kwa Kiswahili ni kitu gani. Karani ameniuliza kwa nini siku hizi inachelewa sekunde sita kufunguka. Nimechapisha pia kurasa tatu za maelezo, ziko kwenye droo ya pili ya ofisi yao, chini ya vitabu vya risiti.

Bodi iko mezani hapa, na karatasi nyeusi imebandikwa juu ya vidirisha vyote vinne. Sauti bado ina mkwaruzo na ninashuku kapasita, lakini sijapima. Kama kuna mtu kati ya hapa na Kitale ana bodi ya namna hii imelala stoo, hata kama imevunjika kona, asiiuze kwa kilo. Aniandikie. Na kama una 2114 za ziada, mzee anazitafuta mbili, anasema atalipa.